NYUMBA YA KUPANGA ISIWE MBEGU YA UGOMVI

Maneno kwa wenye nyumba na wapangaji wa mji wa Bunia



Tumewaita leo pamoja, wenye nyumba na wapangaji, wala hatukutaka kuwaita kila upande peke yake. Ukimwita mwenye nyumba peke yake, atakueleza juu ya mpangaji asiyelipa, anayevunja vitasa, na ambaye wageni wake hawaishi. Ukimwita mpangaji peke yake, atakueleza juu ya mwenye nyumba anayepandisha bei apendapo, na ambaye hatengenezi hata bati moja linalovuja. Kila mmoja ana haki katika maneno yake. Lakini nyumba ni moja, na amani ya kartiye ni moja.

Tena katika mji wetu watu hawa wawili mara nyingi ni mtu mmoja. Yuko mama mjane anayelala chumba kimoja na watoto wake, akapangisha vyumba viwili ili wapate kusoma. Huyo ni mwenye nyumba. Yuko mwalimu mwenye nyumba yake kule Djugu, hawezi kurudi kwa sababu ya bunduki, na hapa Bunia ni mpangaji. Basi mtu asidhani kwamba tumekuja kuwatukana wenye mali, wala kuwafundisha wapangaji ujanja wa kukwepa kulipa. Tumekuja kwa sababu moja: ugomvi wa nyumba uishe ukiwa ugomvi wa nyumba, usigeuke ugomvi wa kabila.

Kwa nini twasema hivyo? Kwa sababu sisi watu wa Ituri tumekwisha kuona. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya serikali, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Lakini wako waliotumia sheria hiyo kwa hila. Mtu alipata karatasi juu ya shamba ambalo watu wanakaa na kulima, akanyamaza miaka miwili hata muda wa kuipinga ukapita, ndipo akaja nayo akiwaambia watu watoke. Mwaka 1999, katika Djugu, magomvi ya mashamba ya namna hiyo yalikuwa miongoni mwa cheche zilizowasha vita vya Ituri. Karatasi iliyofichwa ilileta moto.

Moto huo haukubaki vijijini. Mwezi wa Agosti 2002, na tena mwezi wa Mei 2003, vita vilipiganwa ndani ya Bunia yenyewe. Watu wakakimbia makartiye yao kwa ajili ya kabila, na watu wengine wakaingia katika nyumba zilizoachwa. Baraza la Usalama likatoa azimio 1484 la tarehe 30 Mei 2003, na askari wa Ulaya wa Artemis wakaja kulinda mji. Watu walipoanza kurudi, wako waliokuta wengine wanakaa mwao, wanapikia mafiga yao.

Baadaye wakaja watumishi wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika, wenye dola, na bei ya nyumba nzuri ikapanda. Mwaka 2015 Bunia ikawa makao makuu ya jimbo la Ituri, wakaja watumishi wa serikali. Na tangu mwezi wa Desemba 2017, vita vilipowaka tena katika Djugu, maelfu ya watu walikimbilia mjini. Wengine walilala karibu na Hospitali Kuu, na mwaka 2019 wakahamishiwa Kigonze. Wengine walitafuta chumba kwa ndugu au kwa kupanga. Watu wamezidi, vyumba havikuzidi kwa kipimo hicho. Palipo na njaa ya nyumba, mwenye tamaa hupata nafasi, na mnyonge hukubali lolote.

Hayo ndiyo yanayotufanya tuseme na ninyi juu ya mambo madogo: daftari, risiti, kitasa, bati. Si madogo hata kidogo. Tuyachukue moja moja.

JAMBO LA KWANZA: IJUE NYUMBA NI YA NANI

Mpangaji, kabla ya kutoa hata franka moja, uliza nyumba ni ya nani. Usimuulize anayekuonyesha peke yake. Waulize majirani wa pande mbili. Mwulize mkubwa wa avenyu. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe karatasi zake za parseli. Mwenye haki hakasiriki akiulizwa, naye mdanganyifu ndiye husema, «Huniamini?»

Kuna mambo matatu ya kuangalia sana katika mji huu. La kwanza ni nyumba ya urithi. Baba amekufa, watoto ni sita, na mmoja anapangisha nyumba bila kuwaambia wengine. Umelipa leo, kesho anakuja kaka yake mkubwa kutoka Aru kudai kodi ile ile. Taka ukoo wamtaje mtu mmoja wa kupokea, na jina lake liandikwe.

La pili ni nyumba ya mtu aliyekimbia. Anayekaa ndani anasema ameachiwa aitunze. Kutunza si kupangisha. Kama mwenyewe yuko Beni, Kisangani au Kampala, simu ziko, apigiwe, naye aseme mbele ya mashahidi kwamba amempa mtu huyu ruhusa ya kupangisha na kupokea. Bora tena aandike. Usipofanya hivyo, siku mwenyewe akirudi utakuwa umelipa kwa mtu mwingine, nawe utaonekana mvamizi.

La tatu ni komisioneri. Kazi ya komisioneri ni kukuonyesha nyumba na kukukutanisha na mwenyewe. Malipo yake mpatane mapema, yatolewe mbele ya mwenye nyumba, baada ya mapatano. Fedha ya kodi na ya garanti isipitie mkononi mwake. Mtu mmoja anaweza kuonyesha chumba kimoja kwa watu watatu, akapokea mara tatu, akapotea.

JAMBO LA PILI: ANDIKENI

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tunapatana kwa mdomo kwa sababu tunaona haya. Tunasema, huyu ni mkristo mwenzangu, huyu ni Mwislamu mwenzangu, huyu tunatoka kijiji kimoja. Lakini kuandika si kumdharau mwenzako. Kuandika ni kumlinda yeye na kujilinda wewe, siku ambayo mmoja amesahau, au amekufa, na watoto wake hawajui mliyopatana. Huku ng'ambo ya Ziwa Albert, ndugu zetu wa Uganda walitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, nayo inataka mapatano ya thamani ya shilingi 500,000 na zaidi yaandikwe. Sisi tusingoje kulazimishwa.

Andikeni nini? Jina la mwenye nyumba na la mpangaji. Parseli iko avenyu gani, namba gani. Vyumba vingapi. Watu wangapi wataingia. Kodi ni kiasi gani kwa mwezi, kwa fedha gani, italipwa tarehe ngapi. Garanti ni kiasi gani. Nani analipa maji na umeme, na kama parseli ina wapangaji wengi, kila mmoja atatoa sehemu gani. Nani atasafisha choo, na kikijaa nani ataita watu wa kukitapisha. Mtu akitaka kuondoka, au mwenye nyumba akitaka nyumba yake, atamwarifu mwenzake muda gani kabla. Sisi tunawashauri muandike miezi mitatu, maana chumba hakipatikani kwa wiki moja, wala mpangaji mwema hapatikani kwa wiki moja.

Andikeni kwa lugha ambayo nyote wawili mnaisikia. Karatasi ya Kifaransa kizito isiyoeleweka na aliyeitia sahihi ni sawa na ile karatasi iliyofichwa. Kama mmoja hajui kusoma, isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi, polepole, kisha atie dole gumba. Kila upande ulete shahidi wake. Tena tunawaomba, mashahidi wasiwe wa kabila moja wote, kama yawezekana. Siku ya ugomvi, shahidi wa upande wa pili anayesema kweli ana nguvu kuliko ndugu kumi.

JAMBO LA TATU: FEDHA

Hapa ndipo penye kelele nyingi. Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya nyumba za kupanga, imesema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Tuchukue mfano. Kodi ni dola 50 kwa mwezi. Garanti kwa sheria haipiti dola 150. Mwenye nyumba anayetaka miezi sita anataka dola 300, nayo dola 150 zaidi ni juu ya sheria. Kwa mwalimu au muuza mboga, hiyo 150 ndiyo karo ya shule na chakula cha watoto. Anaikopa kwa riba, anaingia nyumbani akiwa na deni, na mwezi wa pili kodi inamshinda. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wewe mwenye nyumba uliyedhani umejilinda, umemfunga miguu mtu uliyetaka akimbie.

Wako wenye nyumba watakaosema, «Tunataka garanti kubwa kwa sababu tunajenga, na benki haitukopeshi.» Twajua. Saruji inapita njia mbaya na ya hatari kabla ya kufika Bunia. Lakini garanti si mkopo wa kujengea. Garanti ni amana. Ni fedha ya mpangaji iliyolala kwako, na siku atakapotoka akiacha nyumba salama na hana deni, atairudishiwa. Ukiila kwa kujenga chumba kingine, utamrudishia nini? Ndipo unamwambia angoje mpangaji mpya alete garanti yake ili umlipe wa zamani, naye huku ana mizigo barabarani. Kama una haja ya fedha ya kujenga, semeni wazi: mpangaji atalipa kodi ya miezi kadhaa mbele, na ihesabiwe kuwa kodi, iandikwe hivyo. Hayo ni mapatano ya watu wazima, mradi hakuna aliyelazimishwa.

Sasa juu ya dola na franka. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwaka 2024 ilifika karibu franka 2,800. Basi kodi ya dola 50, iliyokuwa kama franka 100,000, ikawa kama franka 140,000, bila mwenye nyumba kupandisha bei na bila mpangaji kuongezewa mshahara. Kisha mwaka 2025 franka ikapata nguvu tena, na wengine waliogombana wakati dola inapanda wakagombana tena wakati dola inashuka, ila safari hii kila mtu alichukua maneno ya mwenzake. Dawa yake ni ndogo. Andikeni kodi ni ya fedha gani. Kama ni dola inayolipwa kwa franka, andikeni mtahesabu kwa bei ya siku gani na ya mahali gani. Mpangaji anayepata mshahara wa franka, afadhali apatane kwa franka.

Na kila fedha itolewayo iwe na risiti. Usiseme huna kitabu cha risiti. Daftari la shule latosha: tarehe, kiasi, mwezi unaolipiwa, jina, sahihi za wawili. Kila mmoja awe na lake. Kama umetuma kwa simu, usifute ujumbe. Wewe mwenye nyumba pia risiti yakufaa, maana siku ukimshitaki asiyelipa, baraza litakuuliza alilipa mara ya mwisho lini.

Tena ushuru wa serikali juu ya mapato ya nyumba ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye anayepata. Kama mpangaji ametakiwa kuzuia sehemu ya kodi na kuipeleka serikalini, achukue hati ya malipo na kumpa mwenye nyumba nakala yake, ili mtu asilipe mara mbili.

JAMBO LA NNE: HALI YA NYUMBA

Siku ya kuingia, kabla kitanda hakijapita mlangoni, tembeeni pamoja. Hesabuni milango, vitasa, vioo, taa. Tazameni juu: bati gani limetoboka? Tazameni ukuta: ufa uko wapi? Tazameni choo. Andikeni yote. Mtu akiingia bila kuandika hali ya nyumba, sheria huelekea kudhani kwamba aliipokea nzima, na ufa wa miaka kumi utakuwa wake.

Kanuni ya kutengeneza ni hii. Mwenye nyumba anatengeneza mwili wa nyumba: bati, ukuta, msingi, choo kilichobomoka. Mpangaji anatengeneza alichokivunja yeye au watoto wake, na kutunza usafi. Mpangaji, bati likivuja sema upesi, usingoje dari lianguke ndipo useme. Mwenye nyumba, ukiambiwa, njoo kabla ya mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kama mpangaji ametengeneza kwa fedha yake, mpatane kwanza bei, na ikatwe katika kodi kwa maandishi. Asijikatie mwenyewe gizani.

JAMBO LA TANO: MAMBO YAKIHARIBIKA

Ndugu zetu, hapa twaomba masikio yenu yote.

Mpangaji akishindwa kulipa, hilo ni deni. Si wizi. Anayedaiwa hafungwi kamba, wala hapigwi. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango, kufunua mabati juu ya watoto wa watu, kutupa vyombo njiani, au kufunga choo ili mtu atoke mwenyewe. Mtu hutolewa katika nyumba kwa hukumu ya baraza, basi. Na mpangaji hana ruhusa ya kukaa bure miezi minane akisema, «Nipeleke unakotaka.» Nyumba ile ni jasho la mtu. Yule mama mjane anangoja kodi hiyo kununua unga.

Njia iko, nayo ina ngazi. Kwanza zungumzeni ninyi wawili, mkaandike deni ni kiasi gani na litalipwa kidogo kidogo kwa tarehe zipi. Mkishindwa, mwiteni mkubwa wa avenyu, kisha chefu wa kartiye. Mkishindwa tena, nendeni ofisi ya nyumba na makao katika komini yenu, iwe Mbunya, Nyakasanza au Shari. Kupatanisha wenye nyumba na wapangaji ni kazi yake. Ikishindikana kabisa, ndipo Mahakama ya Amani, na huko karatasi zenu ndizo zitakazosema.

Lakini msimpelekee ugomvi wa nyumba mtu mwenye bunduki. Serikali ilianzisha utawala wa kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021 kwa ajili ya kupigana na makundi yenye silaha, si kwa ajili ya kukusanya kodi za vyumba. Askari uliyemwita akutishie mpangaji atataka fungu lake. Na mpangaji naye ana binamu yake mwenye sare. Leo mmekwenda wawili, kesho mnakutana ishirini.

Wala msiwaite vijana wa kabila lenu. Ndipo hatari yetu ilipo. Mpangaji hakulipa miezi mitatu, nao wanasema, «Watu wa kabila lile ndivyo walivyo.» Mwenye nyumba amepandisha kodi, nao wanasema, «Wanataka kututoa mjini.» Neno likisha kufika hapo, haliulizi tena dola ngapi. Mwenye nyumba, usimuulize mtu kabila lake kabla ya kumpa chumba. Muulize kazi yake, na wangapi wataingia, na alitoka nyumba gani. Mpangaji, usikubali kabila lako liwe risiti yako. Kama umelipa, onyesha daftari. Kama hukulipa, sema utalipa lini.

Na siku ya kuachana, tembeeni tena pamoja na ile karatasi ya kuingilia mkononi. Kilichovunjika kihesabiwe kwa bei ya soko, si kwa bei ya hasira. Kikatwe katika garanti, kilichobaki kirudishwe siku hiyo hiyo ufunguo unapotolewa: ufunguo mkono huu, fedha mkono huu.

Hayo ndiyo maneno yetu. Hatuwaambii mngoje sheria mpya kutoka Kinshasa. Sheria ya miezi mitatu iko tangu 2015, na daftari linauzwa sokoni. Wiki hii, kila mwenye nyumba amwite mpangaji wake, na kila mpangaji asiye na karatasi amwombe mwenye nyumba wake, mkae chini mbele ya mashahidi wawili, mwandike. Wale mliokaa pamoja miaka mitano bila neno baya, ninyi ndio muanze, maana kuandika wakati wa mapendano ni rahisi. Wakati wa hasira, kalamu huwa nzito.

Sasa mwenye swali aulize.